Mkanda na holsta ya fundi wa Katwe, baada ya miezi tisa kiunoni

Vijana wa kampuni za ulinzi hunipigia simu na swali lao ni moja: "Afande, nataka kuingia mashindano ya bastola, ninunue ipi?" Jibu langu halibadiliki. Kama unayo moja kihalali, umeipatia leseni polisi chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya 1970, na haina hitilafu, basi ni hiyo hiyo. Pesa yako ipeleke kiunoni. Mkanda na holsta, yaani ala ya bastola, ndivyo vinavyoweza kukurudisha nyumbani kabla hujafyatua hata risasi moja, na mimi vilishanirudisha.

Nilitumikia jeshi miaka 21, sasa nakaa Bombo na kufundisha walinzi. Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa Kenya. Nilifika nimevaa holsta ya paja, ile niliyoizoea kazini, nikijua kabisa kwamba nimekamilika. Ofisa wa uwanja akaiangalia mara moja tu akasema, "Mzee, hiyo hapana." Kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu wa bastola, hazikubali holsta ya kufungwa pajani wala ya kwapani. Kisigino cha mpini wa bastola lazima kiwe juu ya ukingo wa juu wa mkanda, na mkanda wenyewe ukae kiunoni, umeshikwa na angalau vitanzi vitatu vya suruali. Siku ile nikabaki kubandika viraka kwenye matundu ya shabaha za wenzangu mpaka jioni. Nilijifunza mengi kwa kubandika viraka, lakini nauli ya basi kutoka Kampala hadi Nairobi sikuilipa kwa ajili hiyo.

Niliporudi nikamwendea fundi wa viatu, akanishonea holsta ya ngozi. Nzuri machoni, nyuzi zimenyooka, harufu ya ngozi mpya. Baada ya miezi mitatu ya joto na jasho, mdomo wake ukalegea. Jioni moja nilikuwa chumbani nafanya mazoezi makavu, bastola tupu, risasi zimefungiwa chumba kingine. Nikakoki, nikachomoa, nikalenga ukutani, nikarudisha bila kutazama. Nikasikia: ta! Ukingo wa ngozi ulikuwa umejikunja ukaingia ndani ya kile kiduara kinachozunguka triga, na nilipoisukuma bastola chini, ngozi ikafanya kazi ya kidole. Nilikaa kitandani kwa muda mrefu. Kama risasi ingekuwemo, ingepita kwenye nyonga na kushuka pajani. Holsta ile niliikatakata kwa kisu usiku ule ule ili mtu mwingine asije akaiokota akaitumia.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wageni wa mchezo huu hulipindua. Wanatafuta holsta ya kuchomolea haraka. Holsta ni ya kurudishia. Kurudisha hakupimwi na saa, hakuna pointi utakayopata kwa kuwahi, na ndiko kuliko na hatari kubwa zaidi, kwa sababu wakati huo mdomo wa bastola uko karibu na mwili wako mwenyewe.

Hesabu yenyewe inasema hivyo. Katika IPSC, pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Chukua kituo, yaani zoezi moja la mashindano, cha risasi 12. Ukizipiga zote kwenye eneo la A, lile la katikati ya shabaha, kila moja pointi 5, una 60. Ukitumia sekunde 15, alama yako ni 4.0. Sasa sema umenunua holsta ya ajabu, ukaokoa theluthi ya sekunde wakati wa kuchomoa: 60 kwa sekunde 14.7 ni kama 4.08. Hayo ndiyo mapato yako. Lakini risasi moja ikikosa shabaha, unapoteza zile pointi 5 na unakatwa 10 nyingine. Unabaki na 45 kwa sekunde 15, yaani 3.0. Haraka ya mkono haiwezi kulipa deni la namna hiyo. Na bastola ikikuponyoka ikaanguka, au ukiielekeza nje ya upande unaoruhusiwa, hesabu imekwisha. Unatolewa kwenye mashindano yote, si kituo kile tu.

Basi nikaenda Katwe, mtaa wa Kampala. Nilikuwa nimesikia juu ya fundi mmoja anayepinda plastiki ngumu za kufunikia vyombo vya pikipiki. Nikamletea vipande viwili vya Kydex, plastiki ngumu inayolainika kwa moto, nilivyoagiza kutoka Nairobi, na umbo la bluu la bastola yangu, Glock 17, lile la mazoezi ambalo ni plastiki tupu lisilo na tundu wala chembe ya chuma inayofanya kazi. Hili nalisisitiza: bastola halisi usiipeleke kwa fundi. Karakana ina watu kumi, ina watoto wanaopita, na hakuna anayejua kilichomo ndani ila wewe.

Aliipasha plastiki moto mpaka ikalegea kama chapati, akaifunika juu ya lile umbo, akaibana kati ya mbao mbili zenye sponji. Alipoifungua, kila kona ilikuwa imekaa. Mdomo wa holsta ukabaki wazi wenyewe hata bastola ikiwa nje, na ndicho nilichokwenda kukitafuta. Triga imefunikwa yote, pande zote mbili. Nilijaribu kupenyeza hata kalamu, haikuingia.

Mkanda ni wa tabaka mbili. Wa ndani mwembamba unapita kwenye vitanzi vya suruali, wa nje mgumu unabandikwa juu yake kwa ile nguo yenye vinyweleo vinavyoshikana. Ukikimbia kutoka kizuizi hadi kizuizi, hautikisiki. Zamani mkanda wangu wa kawaida ulikuwa unapanda na holsta kila nilipochomoa, kwa hiyo mkono ulikuwa unaitafuta bastola mahali tofauti kila mara. Sasa iko pale pale, na tofauti niliihisi siku ya kwanza.

Vyote, pamoja na pochi nne za magazini, yaani visanduku vya risasi, vilinigharimu shilingi 320,000 za Uganda, mbali na bei ya plastiki.

Sasa kasoro, maana zipo. Fundi aliniahidi wiki moja, ikawa wiki tatu na nusu, na simu alikuwa hapokei. Skrubu mbili zinazobana holsta zililegea katika mwezi wa kwanza. Nikazitoa, nikaweka tone la gundi ya skrubu, hazijalegea tena, lakini huwa nazikagua kabla ya kila zoezi. Pochi za magazini zilikuja legevu. Moja ilitema magazini nikiwa mbioni, ikaangukia kwenye vumbi jekundu, na vumbi letu likiingia kwenye magazini, spring inakwama. Nikarudi Katwe, akazipasha moto tena na kuzibana bila kudai malipo. Na ile nguo ya kushikana inaokota nyasi na nywele vibaya sana. Nina mswaki wa zamani kwa kazi hiyo.

Kuhusu pochi nne, watu wananiuliza kwa nini nyingi hivyo. Daraja ninaloshindania ni Production, la bastola za kawaida za kiwandani, ambalo magazini haijazwi zaidi ya risasi 15 hata kama yenyewe inabeba 17. Kituo kirefu kinaweza kufika risasi 32. Weka na risasi ya kurudia ile iliyokosa, weka na magazini iliyoanguka, utaona nne si nyingi. Hiyo 15 izoee nyumbani. Mkono wa askari hujaza mpaka ijae, na siku ya mashindano mazoea hayo yatakutia matatani.

Kama wewe ni mgeni kabisa, usiende uwanjani na seti hii kwa mara ya kwanza. Ivae nyumbani mwezi mzima. Risasi zifungie chumba kingine, kagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, mara mbili kwa macho na mara moja kwa kidole, chagua ukuta imara ambao nyuma yake hakuna mtu. Dakika 15 kila jioni zinatosha. Chomoa polepole mpaka mkono usikie njia, kisha rudisha polepole zaidi ya ulivyochomoa, ukiitazama holsta, kidole kimenyooka nje ya triga. Mke wangu alinizoea. Anajua dakika hizo mlango unafungwa na hakuna anayeingia.

Pia nenda kwenye mashindano mara moja bila kushindana. Beba gundi na viraka, simamisha shabaha za chuma zilizoangushwa, sikiliza amri. Amri zinatolewa kwa Kiingereza, na mpangilio wake hauchezewi: uambiwe ujaze, uulizwe kama uko tayari, usubiri mlio, na mwishoni utoe risasi na kumwonyesha ofisa chemba tupu kabla hujarudisha bastola kiunoni. Vijana wangu wawili niliowapeleka hivyo walirudi wametulia. Mmoja niliyemwacha aende moja kwa moja kushindana aliikamata bastola yake nje ya eneo la usalama, kule nyuma kwenye magari, akitaka tu kuifuta vumbi. Alitolewa kabla ya kituo cha kwanza. Kosa lile nalibeba mimi, sikumwambia. Bastola haishikwi mahali popote isipokuwa mbele ya ofisa anapokuamuru, au kwenye eneo la usalama, na kwenye eneo la usalama risasi hazigusiwi kabisa.

Na mnaotaka kuvuka mpaka wa Kenya pale Malaba au Busia na silaha, vibali vya pande zote mbili vianze kushughulikiwa mapema, kabla hata ya kulipia nafasi. Mpakani hakuna atakayekusikiliza kwa sababu umevaa fulana ya mashindano.

Kama ningeulizwa kama ningemlipa tena fundi yule, ningemlipa, ila ningeenda na tarehe yangu mwenyewe kichwani na kuongeza wiki mbili. Jumamosi hii narudi kwake. Binti wa dada yangu, ambaye ni askari polisi, anaanza mazoezi, naye ni shoto. Nimeshamtafutia umbo la bluu la bastola yake, na nimemwambia fundi kwamba mdomo wa holsta ya binti huyu nitaupima mimi mwenyewe kwa kalamu kabla sijatoa shilingi.