Canon 700D na lenzi ya 55-250: miezi 18 kwenye majaruba ya Mabogini

Habari za asubuhi ndugu zangu, karibuni tena. Leo sikukaa ndani. Nipo Mabogini, hapa kusini ya mji wa Moshi, nimesimama juu ya tuta kati ya majaruba mawili ya mpunga. Saa ni kumi na mbili na dakika ishirini, umande umelowesha suruali mpaka magotini, na mlima uko wazi wote, Kibo na Mawenzi, hakuna hata wingu. Kwa mliojiunga leo, mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mbuyuni, na saa mbili na nusu lazima niwe nimeshafungua. Muda upo, ila tusiuchezee.

Wengi mmeniandikia: dada, zile picha za ndege unapigia kamera gani? Ndiyo hii hapa. Kamera ni Canon EOS 700D, ya mwaka 2013. Lenzi ni ya 55-250, ile iliyoandikwa IS STM ubavuni, nayo ilitoka mwaka huohuo. Zote nilinunua kwa mtu, mpiga picha wa harusi aliyekuwa anahamia kamera kubwa. Kamera pamoja na lenzi ndogo ya 18-55 nilitoa laki sita na nusu, hii ndefu nikaongeza laki tatu. Nililipa kwa awamu tatu, na ni sketi nyingi za shule zilizoshonwa usiku mpaka deni likaisha. Kwa hiyo nikiwaambia nunueni au acheni, naongea kwa uchungu wa hela yangu mwenyewe.

Mwanzo nilikuwa na simu tu. Nilikuwa nakatiza huku kwenda kumsalimia shangazi, naona yangeyange wametanda jarubani, natoa simu, napiga. Nikifika nyumbani naangalia: vidoa vyeupe, kama tone la chokaa limedondokea kwenye tope. Nikivuta picha iwe kubwa, kidoa kinakuwa kidoa kikubwa. Hilo lilinikera kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu jicho langu lilikuwa limeona ndege mzima, limeona shingo inavyojikunja, limeona na rangi ya machungwa kidogo utosini. Nilitaka picha ilete nilichokiona.

Sasa, lenzi kwanza, kamera baadaye, maana ndivyo ninavyoamini mambo yalivyo. Namba 250, yaani milimita za lenzi, kwenye kamera hii inawafikisha mbali kama 400 kwenye zile kamera kubwa za fremu nzima, kwa sababu kihisi cha 700D, kile kinachopokea mwanga ndani, ni kidogo, kinakata pembeni mara 1.6. Na lenzi yenyewe ina gramu 375. Naomba mzichukulie hizo gramu kwa uzito wake. Kamera ikiwa na betri na kadi ni gramu 580, kwa hiyo vyote viwili havifiki kilo. Naning'iniza shingoni, natembea kutoka Pasua mpaka huku kwa miguu, na mchana bado nina mabega ya kukaa kwenye cherehani. Lenzi ingekuwa ya kilo mbili ingekaa kabatini, na mimi ningekuwa nimelala saa hizi.

Kuna mzee mmoja ana jaruba lake hapo chini kidogo ya mfereji. Wiki za mwanzo alikuwa ananiangalia tu ninavyochutama. Siku moja nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Unatafuta nini humo kila siku?" Nikamwonyesha kwenye kioo. Alishika kamera kwa mikono miwili, akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Hawa huwapati ukiwafuata. Njoo kesho, pawatila inavuruga lile jaruba la pale. Watakuja wenyewe."

Ni kweli kabisa. Pawatila, ile trekta ndogo ya kuongozwa kwa mikono, ikiingia kwenye tope, vyura na wadudu wanaruka kila upande, na yangeyange wanaifuata nyuma hatua mbili tatu kama vifaranga wanavyomfuata mama yao. Wanakuwa na shughuli, hawakuoni. Siku hiyo nilikaa chini kwenye tuta, nikawa mita sita hivi kutoka kwao. Mita sita! Na 250 kwa mita sita, ndege anajaa kwenye fremu.

Halafu nikarudi nyumbani, na ndege wote walikuwa wameungua. Sikilizeni hapa vizuri, kwa sababu kosa hili kila anayeanza analifanya. Tope ni jeusi, ndege ni mweupe, na ndege ni mdogo kuliko tope. Kamera inatazama fremu nzima, inaona giza, inaongeza mwanga. Tope linapendeza, lakini yangeyange anakuwa kama karatasi, hana unyoya hata mmoja. Mimi nashika vitambaa vyeupe kila siku. Najua kitambaa cheupe kizuri ukikileta dirishani unaona uzi wa kwenda na uzi wa kurudi. Ndege yule hakuwa na uzi. Dawa yake kwenye 700D: shikilia kitufe cha Av hapa nyuma, zungusha gurudumu, shusha mwanga mpaka theluthi mbili ya hatua, au hata hatua nzima, chini ya sifuri. Picha itaonekana nyeusi kidogo kwenye kioo, msiogope. Ngoja niwasogezee ile ya Jumamosi. Mnaona hapo kwenye bawa? Kila unyoya una ufito wake katikati na kivuli chake pembeni, na kuna tone la tope limekaukia kwenye ule wa tatu. Hiyo nimepiga kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde, tundu la mwanga 5.6 (namba ikipanda, tundu linapungua), ISO 400, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, saa moja na robo asubuhi.

Na kasi hiyo isishuke kwa ndege anayetembea. Lenzi ina kituliza mtikisiko ndani, hiyo IS, na inafanya kazi vizuri, lakini inatuliza mkono wako tu, haimtulizi ndege. Mkono mnautuliza hivi: viwiko vibane mbavuni, toa pumzi nusu, bonyeza taratibu, kama unapitisha uzi kwenye sindano.

Haya, nigeuze kamera mlimani kidogo kabla mawingu hayajapanda. Hapa pia lenzi hii imekaa vizuri sana kwa mtu wa Moshi. Ukiiweka 55 ukiwa huku, Kibo na Mawenzi wanaingia kwenye fremu moja kwa kubanana, kimoja kulia kimoja kushoto. Ukivuta mpaka 250, kichwa cha Kibo peke yake kinajaza picha, unaona mpaka mistari ya barafu. Kilele kile kina mita 5,895, sisi hapa tuko chini ya mita 900, kwa hiyo ukungu na vumbi vya katikati vyote vinaingia kwenye picha. Ukichelewa mpaka saa nne hupati mlima, unapata kivuli cha bluu, kama haujafunikwa tayari.

Kuna jambo lilinichukua mwaka mzima kulielewa. Mwezi wa sita na wa saba nilikuwa nakuja alfajiri, anga safi, na bado upande wetu wa mlima unatoka mzito, hauna uhai. Nikadhani lenzi mbovu. Kumbe ni jua. Sisi tunautazama mlima kutoka kusini, na miezi hiyo jua linachomoza kaskazini-mashariki, linaupiga mgongoni. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza linachomoza kusini-mashariki, linakuja usoni mwa mlima, na barafu inawaka rangi ya waridi kwa dakika chache hivi. Kwa hiyo ukinunua lenzi hii mwezi wa saba ukaona mlima umepooza, subiri Desemba kabla hujaiuza.

Karibu na nyumbani zaidi ya hapa ni mgomba wetu wa uani. Najua mtu anayeota kupiga tembo anaweza kuona mgomba ni kitu kidogo. Lakini ua la mgomba likianza kufunguka, lile zambarau, ndege chozi anakuja kunywa. Anakuja asubuhi, anakuja saa kumi jioni, na anapenda kutua kwenye kikonyo kilekile kila mara. Mimi nafungua dirisha la jiko, naegemeza lenzi kwenye fremu, nafokasi kwenye kile kikonyo kabla hajafika. Lenzi hii inakubali kusogea mpaka sentimita 85, kwa hiyo umbali wa mita mbili si tatizo kwake. Wiki iliyopita alitua, akageuza kichwa, na koo lililokuwa jeusi likawaka kijani cha chuma kwa nukta moja, kisha likarudi jeusi. Nilipata picha mbili tu zenye kijani. Nilikaa chini kwenye kigoda cha jikoni nikazitazama mpaka mboga ikashika chini.

Udhaifu upo, na nitausema wote. Giza ndilo adui wa kwanza. Tundu la 5.6 kwenye 250 ni dogo, na kihisi cha mwaka 2013 si cha leo. Mpaka ISO 1600 picha ni safi ya kutosha, 3200 zinaanza chengachenga, juu ya hapo mimi siendi. Nilikwenda msitu wa Rau kutafuta mbega. Unalipa kiingilio, unatembea na mtu anayejua njia, na mbega wapo kweli, juu kabisa, ile mikia myeupe imening'inia kama mapazia. Lakini chini ya mivule kuna giza hata saa tano mchana. Nilishuka mpaka 1/80, na kila alipogeuka mbega, sura ilifutika. Nilipiga picha kama mia mbili, nimebaki na nne. Anayetaka msitu hasa hasa, hii siyo lenzi yake.

Pia haijazibwa kuzuia maji wala vumbi. Mimi niliishonea koti kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, lina mpira pande mbili na kidirisha cha nailoni nyuma. Nitawawekea vipimo vyake. Masika naiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, maana kuvu akiingia ndani ya kioo, kumtoa ni gharama kubwa.

Kamera yenyewe haina Wi-Fi. Kuhamishia picha kwenye simu ninatumia kisoma kadi kidogo cha kuchomeka kwenye simu, na nimezoea. Kidirisha cha kuchungulia kinaonyesha asilimia 95 ya picha, kwa hiyo pembeni huwa kunatokea jani ambalo hukuliona. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi kubwa, mfululizo, baada ya picha chache inasita kupumua. Lakini kioo chake kinafunguka na kugeuka, na hicho ndicho kilichonifanya niipende. Naiweka kamera chini kabisa, usawa wa maji, nageuza kioo juu, nami nabaki nimechutama bila kulala kwenye tope. Ndege aliyepigwa kutoka usawa wa macho yake na ndege aliyepigwa kutoka juu ni picha mbili tofauti kabisa.

Betri inakwenda picha mia nne na kidogo kwa chaji moja. Betri ya pili nilinunua dukani kwa bei ya kutupa, haikuwa na jina, ndani ya miezi miwili ikavimba ikakwama ndani ya kamera. Niliitoa kwa kibano, moyo ukiwa mkononi. Tafadhali msibane matumizi hapo.

Mkienda kununua ya mtumba, nendeni mchana. Mulikeni lenzi na tochi ya simu kutoka nyuma, tazameni kama kuna nyuzi kama za buibui ndani, zikiwepo, rudisheni. Pigeni picha ya anga tupu kwa tundu la 16, mtaona kila doa lililo kwenye kihisi. Vuteni lenzi mbele na nyuma, msikie kama inakwaruza. Muuzaji akikataa vipimo hivi, muagane kwa amani. Na kama hela inatosha kitu kimoja tu na tayari una kamera yoyote ya Canon ya familia hii, chukua lenzi. Mwili wa kamera mpya hautakusogeza karibu na yangeyange hata hatua moja.

Kuhusu ruhusa, kwa kifupi: shamba ni la mtu, ombeni. Wanaovuna ni watu, waulizeni kabla ya kuwapiga. Kambi za jeshi na vituo vya polisi, kamera iwe kwenye mfuko.

Mnasikia huo mlio? Ndiyo pawatila, babu kaiwasha, na wale watatu kwenye mfereji wameshanyanyua shingo. Kamera ninayorekodia ninaiacha hapa kwenye stendi, ninyi mtazame kwa mbali, mimi nashuka. 1/1000, 5.6, theluthi mbili chini ya sifuri. Babu, shikamoo! Nakuja upande huu, usisimame, endelea tu.