Multimita ya mshale: ndiyo iliyonasa ubovu wa sensa ya throto

Multimita (kipimo cha umeme) ya namba ninayo siku nyingi, kwa hiyo niliponunua hii ya mshale wenzangu waliniuliza kama nafungua makumbusho. Wacha niwaambie ilichonifanyia.

Gari langu ni la zamani kidogo, throto yake, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, inavutwa na kebo. Nikikanyaga mafuta taratibu linamisi, gia otomatiki inaingia kwa kishindo, na taa ya injini inawaka na kuzimika inavyotaka yenyewe. Pampu ya mafuta ilishasingiziwa bure. Mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) ikatoa P0122: volti ya sensa ya throto, ile inayoiambia kompyuta throto imefunguka kiasi gani, iko chini mno.

Wengi wakiiona kodi hiyo hukimbilia spea. Lakini haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta inapokea volti ndogo, na waya uliokatika au plagi iliyoota kutu huleta kodi hiyohiyo. Nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikachomoa plagi. Kati ya waya wa umeme na wa ethi nikapata volti 5, basi huko kuzima. Nikarudisha plagi, nikapenyeza pini nyembamba kwa nyuma hadi kwenye waya wa tatu, unaopeleka ishara. Msitoboe waya jamani, maji yakiingia humo mtapata ugonjwa mwingine.

Multimita ya namba ikasoma 0.5 throto ikiwa imefungwa, 4.5 ikiwa wazi kabisa. Safi! Nusura niishuku kompyuta.

Hapo ndipo nikaunganisha ya mshale na kufungua throto kwa mkono, polepole sana. Mshale ukapanda vizuri, ulipovuka volti 1 kidogo tu ukaanguka, halafu ukarudi. Nikarudia mara nyingi, palepale. Ndani ya sensa hii kuna kiguso kinachoteleza juu ya utepe wa kaboni, na gari hutumia muda wake mwingi throto ikiwa imefunguliwa kidogo tu, hivyo utepe huliwa mahali hapo. Multimita ya namba inabadilisha tarakimu mara chache kwa sekunde, na yangu ilikuwa inaruka pale pale volti inapoanguka. Nilibadilisha sensa, nikafuta kodi, na kumisi kumeisha.

Sasa lawama zangu. Ukikosea kuunganisha chanya na hasi, mshale unagonga upande wa kinyume, na unaweza kupinda. Kila ukitaka kupima omu (ukinzani) lazima kwanza uurudishe mshale kwenye sifuri. Usomaji nao unataka jicho liwe wima juu ya mshale, ukisoma kwa pembeni unajidanganya. Kwa hiyo tarakimu kamili bado nazichukua kwenye ile ya zamani. Na nyaya zake ni fupi mno: nilipima huku multimita imekaa juu ya betri, nikiomba isianguke kwenye feni.