Risasi Ilivyolipasua Behewa Langu, na Jamaa Aliyeniuzia

Nyota moja. Natangulia kusema ili nisije nikalegea mbele ya safari. Nyota moja kwa yule jamaa mwenye meza ya vikorokoro vya kuboreshea mabehewa ya plastiki ya zamani, huku kwenye maonyesho ya treni ndogo Uingereza. Jina simtaji. Anajijua.

Ilikuwa mwaka jana au mwaka juzi, Ramadhani ikikaribia, baridi bado inauma. Nilikuwa na mabehewa sita ya makaa ya mawe, mfano wa yale ya chuma ya tani 16, ya kuunga mwenyewe. Ni ya enzi za kampuni ya Airfix, kabla molidi, yaani vile viunzi vya kumiminia plastiki, hazijahamia kampuni ya Dapol, na yalikuwa bado yamo kwenye mifuko yake ya nailoni. Niliyapata kwa bei ya chai na sambusa. Kwa asiyeyajua, haya ndiyo yaliyobeba makaa ya Uingereza baada ya vita. Yalitengenezwa zaidi ya laki mbili, na mengi hayakuwa na breki nyingine ila wenzo mrefu ubavuni, wa kukandamizwa na mtu anayetembea kando ya reli. Ukiniuliza mimi, hakuna behewa zuri kuliko hilo, na uzuri wake wote umo kwenye kutu.

Basi nikasimama mezani kwake. Salamu yake: "Unamnunulia mtoto?"

Nina mvi, jamani. Nimekulia Changamwe, Mombasa, nilihesabu mabehewa kabla sijajua kuhesabu pesa. Lakini nikacheka, nikaona ni utani wa wazee. Nikanunua magurudumu ya chuma, beringi zake za shaba, wenzo za breki za bati jembamba la shaba, waya, na kifuko cha chembe za risasi ndogo kama ufuta. Risasi, ile metali nzito, si ya bunduki, ni kwa ajili ya uzito, kwa sababu behewa la plastiki tupu ni jepesi kama ganda la karanga, likifika kwenye njia panda ya reli linaruka. Wengi wetu tunafuata kanuni ya gramu 25 kwa kila ekseli, ule mhimili wa magurudumu mawili, yaani 50 kwa behewa la ekseli mbili.

Nikamuuliza, nashikiza kwa gundi gani? Akajibu bila kuinua macho kwenye kikombe chake: "Gundi nyeupe ya mbao. Inatosha." Maneno matano. Nayakumbuka kama nilivyokumbuka namba yangu ya shule.

Nikarudi nyumbani, na wiki zile zilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Ukuta wa plastiki una unene wa kama milimita moja, na kwa kipimo chetu cha 1 kwa 76 hiyo ni zaidi ya sentimita saba za chuma! Behewa la kweli lilikuwa bati tu. Kwa hiyo unachukua kisu na tupa, unakwangua ukingo wa juu kwa ndani, polepole, mpaka jicho lidanganyike. Sehemu nyingine huna haja ya kuigusa, ni ukingo tu unaoonekana. Nikakata wenzo za plastiki zilizonenepa kama vidole, nikatoboa vitundu kwa keekee ya nusu milimita, nikapachika zile za shaba. Ndani nikapaka rangi ya kutu, nikalowesha, nikanyunyiza chumvi ya jikoni, ikakauka, nikapaka kijivu juu yake. Ukiisugua chumvi kwa brashi, kijivu kinabanduka nayo na kutu inachungulia. Nje nikapiga ule mstari mweupe wa mshazari. Watu hudhani ni urembo, kumbe unaonyesha upande wenye mlango wa mwisho, ili wapinduaji wa makaa wajue behewa limwagie wapi.

Nikageuza manne juu chini, nikamimina zile chembe katikati ya fremu, nikazifunika kwa gundi nyeupe. Yakakauka vizuri, yakatembea vizuri. Nikayapanga kwenye rafu.

Miezi ikapita. Siku moja mke wangu anapangusa vumbi, akaniita: "Baba Salma, hiki kidude chako kimepata mimba?"

Sakafu ya behewa la kwanza ilikuwa imetuna kwenda juu kama chapati kwenye kikaango. Pembe mbili zimeachana. Wenzo wangu wa shaba umening'inia. La pili limeanza ufa. Nikageuza nitazame chini: risasi imeota unga mweupe, imevimba, inasukuma kila kitu. Gundi ile hutoa asidi kidogo, asidi ileile iliyomo kwenye siki, nayo inaila risasi na kuigeuza chumvi inayotaka nafasi kubwa zaidi. Hili si jambo geni hata kidogo. Wachoraji wa Ulaya karne nyingi walipata rangi yao nyeupe kwa kufungia vipande vya risasi pamoja na mvuke wa siki. Mimi nilikuwa nimejenga kiwanda cha rangi ndani ya behewa la makaa. Tena unga wenyewe ni sumu, na binti yangu hupita hapo kila siku. Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli.

Nikalifunga lile lililopasuka kwenye mfuko, nikampelekea kwenye maonyesho yaliyofuata. Sikudai pesa. Nilitaka aseme tu pole, au awaonye wengine. Alilitazama, akalisogeza kwa ncha ya kalamu, akauliza kama nililiweka karibu na hita. Nikamkumbusha maneno yake matano. Akasema: "Mimi nauza vitu, siuzi akili." Halafu akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu, uso wote asali.

Siuzi akili! Nimelala nayo hiyo sentensi.

Sasa niwe mkweli, maana anayesoma anataka kujua anunue au asinunue. Yale magurudumu ni mazuri mno. Ukilisukuma behewa kwa kidole kimoja linakwenda mpaka mwisho wa meza bila kuyumba. Zile wenzo za shaba sijaona nyembamba kama zake kwa mwingine yeyote, na nimetafuta, hasa baada ya kugombana naye. Hata risasi yenyewe haina kosa. Mawili yaliyobaki niliyachokonoa kabla hayajapasuka, nikayasafisha nikiwa nimevaa glavu, nikashikiza chembe mpya kwa gundi ya epoksi, na mpaka leo yametulia. Kwa bidhaa peke yake ningempa nyota nne. Tano, kwa magurudumu.

Lakini mtu hanunui gurudumu peke yake, ananunua na mdomo wa muuzaji. Tatu, basi. Ah, nikikumbuka ile kalamu, mbili.

Juzi nilipita tena ukumbi uleule. Kwenye kila kifuko cha risasi kumebandikwa kikaratasi, mwandiko wa mkono: usitumie gundi nyeupe. Nilisimama nikakisoma mara mbili. Yeye ananitazama, mimi namtazama. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Nikachukua magurudumu ya mabehewa mawili, nikaweka pesa mezani, akanirudishia chenji.