Raleigh ya babu, breki za dramu: miezi 14 barabarani Tanga

Mvua ndiyo iliyonitoa pesa. Masika ya mwaka juzi nilikuwa natoka Raskazone kwenda Ngamiani na baiskeli ya marehemu babu, Raleigh nyeusi ya inchi 28, ile ya breki za vyuma, yaani zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya. Bajaji iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla kuchukua abiria. Nikabana breki zote mbili mpaka vidole vikauma, baiskeli ikaenda zake kana kwamba sijashika kitu. Ringi ya chuma ikishalowa, mpira wa breki unateleza tu juu yake. Nilisimama kwa kisigino, kandambili moja ikabaki katikati ya barabara.

Babu aliinunua alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge. Fremu imenyooka mpaka leo, na kwenye duara la mbele linalovuta cheni bado wapo wale korongo waliokatwa kwenye chuma, ambao sisi watoto tuliwaita bata. Sikutaka kuiuza, wala kuifanya pambo la sebuleni. Nilitaka isimame nikiiambia isimame.

Nikaagiza habu mbili za Sturmey-Archer, yaani vile vitovu vya magurudumu. Ya mbele ni X-FD, ina breki ya dramu ya milimita 70 ndani yake, yaani shuu zinabana ndani ya kopo la habu badala ya kushika ringi, mtindo uleule wa pikipiki. Ya nyuma ni X-RD3, ina dramu kama hiyo pamoja na gia tatu, zote zimefichwa ndani. Kampuni hiyo ilizaliwa Nottingham kama Raleigh yenyewe, ila mwaka 2000 ilinunuliwa na SunRace na siku hizi habu zinatengenezwa Taiwan. Binamu yangu wa Leicester alizibeba kwenye begi, na kwa jinsi zilivyo nzito alinisimanga wiki nzima.

Nikazipeleka kwa mzee mmoja fundi wa Ngamiani, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee. Nimeleta habu mpya."

"Marahaba mwanangu. Hebu."

Akaigeuza mkononi, akahesabu matundu kwa ukucha wa kidole gumba. Akaenda kwenye gurudumu la zamani, akatia alama ya chaki kwenye spoku ya kwanza, akahesabu tena. Hakusema kitu mpaka alipomaliza na la nyuma.

"La mbele spoku 32. La nyuma 40. Wewe umeniletea 36 na 36. Nikufungie na nini, uzi?"

Kosa langu hilo, na nalisema ili wewe usilirudie. Baiskeli za Kiingereza za aina hii zilikuwa 32 mbele na 40 nyuma, na za Kichina na Kihindi zilizofuata umbo lake nyingi ziko vivyo hivyo. Hesabu spoku kabla hujaagiza chochote. Nilikaa miezi miwili na habu kwenye boksi, mpaka nilipopata ringi za alumini za 700C, kipimo kidogo kidogo kuliko 28, zenye matundu 36, mitumba, Kariakoo. Kwa kuwa breki haishiki tena ringi, ukubwa ukipungua kidogo hakuna shida. Shida iko kwenye tairi: la 28 kwa 1½ linakaa kwenye ringi ya milimita 635, la 700C kwenye 622. Milimita 13 tu, lakini hayaazimani. Tyubu inakubali. Tairi la 28 linauzwa hata duka la sabuni na viberiti. Langu mimi nimeweka la akiba nyumbani, na likipasukia Pongwe nitapanda daladala.

Kazi nyingine zilikwenda bila kelele nyingi. Fremu ilipanuliwa nyuma milimita kadhaa ili habu mpya iingie, kwa nondo ya nyuzi na nati mbili, pole pole, chuma kikatii. Usukani uliniuma. Kwenye Raleigh ya breki za vyuma, usukani na shingo yake ni kitu kimoja, na mikono ya breki imeshikana nao. Huwezi kufunga mikono ya waya pale bila kukata, nami nikakataa kukata. Niliweka usukani mpya. Wa babu umening'inia ukutani, na kengele yake.

Pedeli nilitaka kuziwekea ekseli ya kisasa pia. Hapo mzee alinizuia, na alikuwa na haki: nyuzi za tundu la ekseli hiyo kwenye fremu ya Raleigh ya zamani ni 26 kwa inchi, za vikombe vya kawaida, vile vinavyoshika gololi, ni 24. Ukilazimisha unaharibu fremu. Tulisafisha vikombe vilevile, tukatia grisi na gololi mpya, 11 kila upande.

Sasa barabarani. Wiki ya kwanza nilijuta. Breki zilikuwa laini kama unakamua embe bivu, nikadhani nimeibiwa. Kumbe breki shuu zinahitaji kusagika kidogo zikae sawa na dramu. Baada ya wiki tatu za kwenda na kurudi kazini zikaamka. Masika yaliyofuata nilifanya makusudi: nikangoja mvua kubwa, nikapiga mwendo, nikabana. Ikasimama kama siku ya jua. Nikarudia mara nne, watoto wa jirani wakiniangalia.

Gia ya kwanza inapunguza mwendo kwa robo, ya tatu inaongeza theluthi. Ndani ya mji, ambako ni tambarare, gia ya pili inatosha. Njia ya Muheza inayopanda taratibu ilinitoa jasho mpaka nilipobadilisha sproketi, lile duara dogo la meno la nyuma linalozungushwa na cheni, nikaweka ya meno 22 badala ya 18. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote na kimenifaa kuliko gia zenyewe. Anza nacho.

Walioniambia kuvua gurudumu la nyuma itakuwa adhabu hawakudanganya: kuna waya wa breki, kimnyororo cha gia, na kile chuma kinachozuia bamba la breki shuu lisizunguke. Lakini mafundi wetu tangu zamani wanaziba pancha bila kuvua gurudumu, wanaichomoa tyubu ubavuni tu. Katika miezi 14 nimelivua mara moja.

Gharama yote ilifika karibu laki tisa. Kwa pesa hiyo ningenunua baiskeli mpya ya Kichina na chenji ikabaki, mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Kitu kimoja tu kinaniudhi, nacho ni cha zamani: kotapini ya kushoto, ile pini inayokaza mkono wa pedeli kwenye ekseli. Kila baada ya miezi miwili inalegea, pedeli inaanza kugonga tak, tak, nami naelekea kwenye mwarobaini. Mzee anapiga nyundo mbili, anakaza nati, anachukua mia tano.