Soko la Mwanga na mwalo wa Kibirizi kwa mpishi wa vyakula vya Kiingereza

Mtu anayetaka kupika vyakula vya Kiingereza hapa Kigoma huanza, mara nyingi, kwa kuulizia makopo na chupa kutoka ng'ambo katika maduka ya mjini, na akivikosa huona kwamba kazi imeshindikana. Mimi huwapikia wageni, wengine wakiwa Waingereza wanaopita hapa kwenda Gombe, na vitu vyangu karibu vyote navinunua Soko la Mwanga na mwalo wa Kibirizi, yaani mahali pa ufukweni ambapo wavuvi hushusha na kuuza samaki. Kwa maoni yangu sehemu hizi mbili zinamtosheleza mpishi wa vyakula hivyo kuliko duka lolote la bidhaa za nje, ilimradi ajue cha kununua na apange mapishi yake kwa kufuata ziwa na bucha.

Nianze na samaki, kwa kuwa samaki na chipsi ndicho chakula ambacho mgeni wa Kiingereza hukipima kwa ukali zaidi. Hata wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyama, siagi na sukari zilipouzwa kwa mgao, serikali ya Uingereza haikukiweka chakula hiki kwenye mgao. Kwao hutumika samaki wa baharini mwenye nyama nyeupe inayoachana vipande vinene, na Kibirizi anayemkaribia zaidi ni kuhe, samaki wa ukoo mmoja na sato ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika. Minofu yake ni minene, haina mafuta mengi, na haisambaratiki ndani ya rojo la unga ambamo samaki huchovywa kabla ya kukaangwa. Sangala naye anafaa sana, hasa kwa pai ya samaki yenye mchuzi wa maziwa. Mgebuka ni mtamu mno akichomwa au akipikwa kwa nazi, lakini kwa chipsi za Kiingereza simpendekezi, kwa sababu minofu yake ni myembamba na hukauka kabla rojo halijawa kahawia.

Upatikanaji wa samaki unahitaji kueleweka vizuri. Wavuvi wengi wa dagaa na mgebuka huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, hivyo siku za mwezi mpevu mwalo hupoa na bei hupanda, hata ya samaki wanaovuliwa kwa ndoano na nyavu, kwa kuwa wanunuzi wote huwakimbilia hao hao. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika ziwa zilisimamishwa kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, na mpishi mwenye busara hupanga mapishi ya nyama kwa vipindi kama hivyo. Wauzaji wa Kibirizi nawapa sifa kamili. Ukimwomba mama muuza samaki akupasulie minofu, akuondolee ngozi na kukubakishia vichwa vya supu, atakufanyia kwa mkono mwepesi na bila kukunung'unikia.

Rojo lenyewe halina siri kubwa: gramu 200 za unga wa ngano, kijiko kidogo cha bekingi pauda, chumvi, na bia baridi sana ya kutosha kulifanya lishike mgongo wa kijiko. Viazi vikaangwe mara mbili, kwanza kwa moto mdogo hadi vilainike, kisha kwa moto mkali hadi vikauke nje. Kuhusu mafuta, mawese ya Kigoma nayapenda kwa moyo wote katika maharage na kisamvu, lakini hapa rangi na harufu yake humfunika samaki, kwa hiyo nunua mafuta ya alizeti. Njegere kavu za sokoni zikilowekwa usiku kucha pamoja na magadi kidogo hupondeka vizuri na kuwa ule uji mzito wa kijani unaoandamana na samaki katika miji ya kaskazini mwa Uingereza.

Kinachonifurahisha zaidi kuhusu Soko la Mwanga ni mchuzi wa Worcester. Huu ni mchuzi mweusi, mwembamba na mkali, ulioanza kuuzwa na Lea & Perrins mjini Worcester mwaka 1837, na mapishi mengi ya nyama ya Kiingereza huonekana kupungukiwa bila matone yake machache. Chupa yake huku ni adimu, na ikipatikana bei yake inaumiza. Lakini tazama kilichomo ndani: siki, ukwaju, samaki wadogo waliotiwa chumvi, molasi, kitunguu, kitunguu saumu na viungo. Ukwaju umejaa sokoni kwetu, na samaki wadogo waliokaushwa ndio hasa biashara iliyolipa soko la Kigoma jina nchi nzima. Mimi huchukua gramu 100 za ukwaju, viganja viwili vya dagaa wakavu waliotolewa vichwa, vitunguu vilivyokatwakatwa, karafuu, pilipili manga, chumvi na nusu lita ya siki ya kahawia, navifunika kwenye chupa ya kioo kwa wiki kadhaa, kisha nachuja, natia sukari guru iliyochemshwa hadi iwe nyeusi, na kuchemsha tena kabla ya kuhifadhi. Hauwi sawasawa na ule wa Worcester, ambao wenyewe huuacha uive kwa miezi mingi. Hata hivyo, una uchachu uleule wa ukwaju na ule utamu mzito wa samaki unaokaa nyuma ya ulimi, na katika nyama ya kusaga hakuna mgeni aliyewahi kuuliza chupa iko wapi. Uchague dagaa wa rangi ya fedha waliokaushiwa juu ya chanja. Waliokaushiwa mchangani hutia mchanga katika chupa nzima, na wauzaji wa Mwanga, nakiri kwa furaha, hukuambia ukweli ukiwauliza.

Mchuzi huo huingia moja kwa moja kwenye pai ya mchungaji, yaani nyama ya kondoo ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vilivyopondwa. Nyama ya mbuzi inashika nafasi yake vizuri kabisa, ikisagwa mara mbili na kupikwa taratibu na karoti. Tanuri halihitajiki: sufuria huwekwa juu ya jiko lenye makaa machache, mfuniko hupakiwa makaa mengi, na viazi hupata ule ukoko wa kahawia ambao ndio nusu ya raha ya chakula hiki. Njia hiyo hiyo inashindwa kwa pudini ya Yorkshire, yaani rojo la unga, mayai na maziwa linalookwa hadi liumuke, inayodai joto kali lisiloyumba kutoka kila upande. Asiye na tanuri la kweli asijichoshe nayo.

Badala yake apike pudini ya mvuke, yaani keki laini ya unga inayoivishwa ndani ya bakuli kwa mvuke, na hapo bucha linakuwa la thamani kuliko duka. Yale mafuta magumu meupe yanayozunguka figo za ng'ombe ndiyo yanayotakiwa, nusu ya uzito wa unga. Utando wake huondolewa, kisha hukunwa pamoja na unga ili yasigandamane. Katika joto la Kigoma majarini huyeyuka kabla hujamaliza kukanda, ilhali mafuta haya hubaki magumu hadi mvuke uyafikie, na yanapoyeyuka huacha vitundu vidogo vinavyoifanya pudini kuwa nyepesi. Kwa saa 2 juu ya maji yanayochemka, ikiwa na asali ya miombo kutoka Tabora chini ya bakuli, ni chakula cha kumpa mtu unayemheshimu.

Maduka ya vifurushi yanayolizunguka soko nayapa alama za wastani. Unga wa ngano ni mzuri na haukosekani. Jibini ni ya kubahatisha, na isipokuwa kwenye friji inayofanya kazi muda wote usiinunue. Kastadi ya unga, yaani unga wa kupikia mchuzi mtamu wa maziwa unaomiminwa juu ya pudini, niliyouziwa katika duka moja ilikuwa imepitwa na tarehe na kushikana mabonge, kwa hiyo soma kitako cha kopo kabla ya kulipa. Hata hivyo unga huo, uliobuniwa na Alfred Bird huko Birmingham mwaka 1837 kwa ajili ya mke wake aliyedhuriwa na mayai, ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu tu. Asiyedhuriwa na mayai atumie wanga wa mahindi, viini 3, vanila na maziwa mabichi, na atapata kitu bora.

Kuhusu mpangilio wa siku, Kibirizi iendewe alfajiri, mitumbwi inapotia nanga, na Mwanga baadaye. Bucha liagizwe jioni iliyotangulia, kwa sababu mafuta ya figo huchukuliwa pamoja na figo zenyewe na wapika supu kabla jua halijapanda.