Nyumba ya Shambani Chianti: Sikiliza Kabla Hujalipa

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tunachambua nyumba ya kukodi ndani ya shamba la mizabibu huko Chianti, vile vilima vya Italia vilivyoko kati ya Florence na Siena. Jina la shamba silitaji, na hakuna aliyenilipa.

Wenyewe wanaiita agriturismo. Sheria yao ya mwaka 1985, iliyoandikwa upya 2006, inataka anayepangisha awe mkulima kweli, na kilimo kibaki ndiyo kazi kuu. Wageni ni nyongeza. Shikeni hilo, maana ndilo linaloeleza karibu kila utakachokipenda na kila kitakachokuudhi. Mapokezi hakuna. Mwenye nyumba yuko shambani, funguo unakabidhiwa na mama yake, na mnaelewana kwa mikono. Sisi tulikwenda Septemba, mavuno yameanza, kwa hiyo alfajiri trekta linanguruma chini ya dirisha. Mnaopenda kulala hadi saa nne, hotelini kunawafaa zaidi.

Sasa tazameni ukuta huu. Mawe matupu, unene wake hadi kiwiko. Nje jua linachoma, humu ndani kumepoa bila kiyoyozi. Na hapa jikoni, mnaona hii dari ya matao ya matofali? Palikuwa zizi. Nyumba nyingi za aina hii Toscana, mkoa ilimo Chianti, zilikuwa za wakulima wa nusu kwa nusu: unalima ardhi ya bwana, mavuno mnagawana. Ng'ombe chini, familia juu, na wakati wa baridi joto la mifugo linapanda kuwasaidia waliolala. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wakakimbilia viwandani, mikataba mipya ya namna hiyo ikapigwa marufuku 1964, na nyumba nyingi zikabaki tupu. Ndizo hizi tunazogombania leo kwa euro. Yule mkulima wa zamani angetuona tunalipa kulala juu ya zizi, sijui angecheka au angelia.

Kasoro zipo. Umeme kwanza: nyumba nyingi Italia zina mkataba wa kilowati 3 tu. Washa oveni, mashine ya kufulia na birika kwa pamoja, giza! Unatoka nje na tochi kutafuta swichi. Intaneti nayo, kuta zinazozuia joto zinazuia na mawimbi. Mezani unapata, chumbani hupati. Bila gari hutoki, kwani kuja hapa ni barabara ya changarawe nyeupe, vumbi tupu. Na mkienda Siena au Florence, msiingize gari katikati ya mji bila kibali. Kamera zinakupiga picha kimya kimya, faini inakufuata hadi nyumbani kupitia kampuni uliyokodi gari.

Mvinyo je? Chianti Classico, ule wa chupa yenye jogoo mweusi, lazima angalau asilimia 80 iwe zabibu za Sangiovese. Ghalani walituonjesha wa kawaida, Riserva inayokomazwa miezi 24 kabla ya kuuzwa, na Gran Selezione, daraja la juu kabisa, ya miezi 30. Kwangu mimi wa kawaida ndio ulioshuka vizuri na chakula. Ule wa miezi 30 unalipia heshima zaidi. Ila kinachonifurahisha ni kwamba ukishaonja unarudi kitandani kwa miguu, maana kikomo cha pombe kwa dereva kule ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu.

Usiyekunywa hujapoteza. Mashamba mengi yana mizeituni, na mafuta yao ni ya kweli kabisa. Ukifika Novemba unayakuta mapya, ya kijani, yanawasha koo. Mkate wa Toscana hautiwi chumvi, kwa hiyo mwagia mafuta, nyunyiza chumvi yako, usilalamike.

Naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa umeme na intaneti, trekta nimelisamehe.

Julai na Agosti wengi wanapangisha Jumamosi hadi Jumamosi tu, kwa bei ya juu. Kabla ya kutuma amana ulizeni: usafi wa mwisho unalipiwa kando? Joto la ndani je, mkienda miezi ya baridi? Kodi ya utalii ni kiasi gani kwa kichwa? Na mwenye watoto wadogo, aulize kama bwawa lina uzio. La kwetu halikuwa nao.