Uzoefu wangu: wiki 12 za fiziotherapia kwa simu baada ya korona

Nilipougua korona sikulazwa. Homa iliisha ndani ya wiki moja, uchovu ukabaki. Mwezi wa nne tangu niugue, bado nilikuwa nakaa chini katikati ya kuoga. Daktari alipima damu, moyo na mapafu, hakuona ugonjwa mwingine, akaniambia hii ndiyo korona ya muda mrefu. Shirika la Afya Duniani liliitolea maelezo rasmi Oktoba 2021: dalili ambazo kwa kawaida zinaonekana miezi 3 tangu kuugua, zinadumu angalau miezi 2, na hazina sababu nyingine. Akanishauri fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi, ya mtandaoni.

Huduma ya kwanza sikudumu nayo. Walinitumia video za mazoezi, kila wiki dakika zinaongezwa, wala hakuna aliyeuliza nimeamkaje. Siku ya mazoezi nilikuwa sawa kabisa. Kesho yake jioni mwili ukauma kama homa inaanza upya, hata mwanga wa dirishani ukanishinda, nikalala siku 4. Ilinitokea mara 3, na mara zote 3 nilijilaumu kwamba sijitumi.

Huduma ya pili ndiyo ninayoisifia hapa. Kikao cha kwanza hakikuwa na zoezi hata moja. Mtaalamu aliniuliza, “Ukifanya kazi, unazidiwa siku hiyohiyo au baada ya siku moja, mbili?” Nikamsimulia. Akanieleza kuwa huko kuzidiwa kwa kuchelewa ni dalili yenyewe, huweza kuja saa 12 hadi 72 baadaye, na mwenye nayo hapaswi kupandishiwa mazoezi kwa ratiba. Nililia pale pale mbele ya simu. Kumbe sikuwa mvivu.

Kikao cha pili alitaka mtu wa nyumbani awe karibu yangu, nisije nikaanguka. Nililala nikapima mapigo ya moyo kwa kile kifaa cha kidoleni: 72. Nikasimama dakika 10 nimeegemea ukuta: 108. Akasema kwa mtu mzima, mapigo yakipanda 30 au zaidi kwa kusimama tu, hilo linarudi kwa daktari kwanza. Akaniandikia barua siku hiyohiyo, na hatukuendelea mpaka daktari aliponiona.

Halafu pumzi. Aliniambia niiweke simu juu ya stuli anione kwa ubavu, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Akatazama kimya kidogo. “Dada, mabega yako yanafanya kazi ya tumbo.” Miezi yote ile sikuwa nimeliona hilo! Tukajifunza kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ya kuvuta, nimelala chali, kisha nimekaa, na kusimama baadaye sana.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya daftari. Kila shughuli niliipa alama ya ugumu, 0 hadi 10, na hatukuvuka 3. Kiti kikaingia bafuni. Nguo nikakunja nusu asubuhi, nusu jioni. Siku niliyojisikia na nguvu ndiyo aliyonisisitiza nisizidishe, na hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote.

Kasoro zipo. Mtandao ulikatika mara kadhaa, na shingo yangu iliyokaza ilihitaji mkono wa mtu, si kamera. Kioo cha simu chenyewe kinachosha, ikabidi vikao vipunguzwe hadi dakika 20. Ukiwa na maumivu ya kifua, unazimia au oksijeni inashuka, usianzie kwenye simu, nenda uonwe ana kwa ana. Lakini kwa hali niliyokuwa nayo, safari tu ya kwenda kliniki ingemaliza nguvu zote kabla tiba haijaanza.

Sijapona. Vikao vinaendelea, sasa kimoja kila wiki 2. Wiki iliyopita nimeoga nikiwa nimesimama mwanzo hadi mwisho. Kesho yake nikaamka salama, na kesho kutwa yake pia.